Kalibu ya Saba

Dada yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu, nyingi kuliko ukurasa huu unavyoweza kubeba. Hujambo? Mgongo umepungua kuuma? Miguu bado inavimba ikifika jioni, au umepata kigoda cha kuiinulia? Shemeji naye hajambo? Na mama mkwe wako, kile kikohozi kimemwachia? Mimi huku ni mzima wa kuonekana. Nakula, natembea, nakwenda kazini, na watu wakiniuliza hali nawajibu salama. Ya ndani ndiyo yaliyonikalisha kitako niandike.

Kabla sijasema lolote nina ombi. Barua hii isome mwenyewe. Najua umeapa. Najua tangu msiba ule hujagusa kitu chenye maandishi, hata paketi ya chumvi unampa Shemeji akusomee, na barua zangu zote anakusomea yeye huku wewe ukikunja nguo. Safari hii mwambie akupe. Kaa mlangoni penye mwanga, soma polepole, kwa kidole, kama tulivyozoea. Ukishindwa kabisa, basi asome yeye, nami nitakuwa na neno naye huko mwisho. Halafu, humo ndani ya bahasha mna kipande cha karatasi ngumu, rangi ya kahawia, kimeungua kidogo ukingoni. Msikitupe mkidhani ni takataka. Kiwekeni kando, nitakieleza.

Barua yako niliipata wiki iliyopita. Mwandiko ni wa Shemeji lakini maneno ni yako, maana nakujua unavyosema "ndiyo hivyo" kila baada ya jambo linalouma. Niliposoma kwamba una mimba nilicheka peke yangu chumbani kama mwehu. Nikasema, huyu dada yangu, na umri huu, amewashangaza wote! Kisha nikafika pale uliposema kwamba mmekubaliana mtoto akishakaza shingo apelekwe kwa mama mkwe wako, alelewe huko moja kwa moja. Ati wewe si mtu wa kuachiwa mtoto. Ati hakuna aliyekulazimisha, umekubali mwenyewe. Ndiyo hivyo.

Dada, mimi nimelelewa na nani? Mama alipoanza kuugua, mmoja wetu alitakiwa abaki nyumbani, na wewe hukungoja kuulizwa. Ulikuwa darasa la pili. Ulifunga daftari lako likiwa na kurasa nyingi tupu, ukalificha juu ya kabati mpaka mimi nilipofika umri wa shule, ukanipa niandikie. Nusu ya kwanza ya daftari langu la kwanza ilikuwa mwandiko wako. Ulinipikia, ulinifulia, ulinichapa pale nilipostahili na mara mbili pale nisipostahili. Mkono ule leo useme hauwezi kulea! Hapo ndipo nilipojua kwamba nikiendelea kunyamaza nitakuwa nimekuua na wewe pia.

Nitaanzia mbali kidogo, univumilie. Unanijua, mimi sijui kuingia nyumbani kwa mtu bila kuzunguka uani kwanza.

Unakumbuka tulivyoanza kusoma, ya darasa la pili yakiwa yameshakutoka? Nilikuwa mwaka wa pili tu kwenye chumba cha risasi, pale kiwanda cha uchapaji tunapoyeyusha madini ya risasi, nikaja likizo na mfuko wa herufi za chuma nilizookota sakafuni, nikijiona mwalimu. Ukaishika b ukasema mbona hii ni d. Nikakwambia imegeuka, ikichapwa itakaa sawa. Ukaniuliza sasa unataka nijifunze kusoma au nijifunze kusimama kwa kichwa? Tukagombana mpaka jirani akachungulia. Likizo iliyofuata ndipo nikaja na akili: nikakuletea kalibu zilizokwisha kazi.

Wewe unazijua, lakini naeleza kwa ajili ya yeyote atakayekuwa anasoma. Herufi hupangwa kwenye fremu ya chuma, zote zimegeuka kama uso kwenye kioo. Juu yake tunalaza karatasi nzito iliyolowa, tabaka za shashi zilizogandishwa kwa uji wa wanga, tunaigonga kwa brashi ngumu mpaka iingie katika kila tundu la kila herufi. Ikikauka inakuwa ngumu kama ganda. Hiyo ndiyo kalibu. Tunamimina risasi ya moto juu yake, tunapata bamba zima la kuchapia, nalo bamba limegeuka kama zile herufi. Katika chumba chetu chote kitu kimoja tu kinasomeka jinsi mtu anavyosoma, nacho ni kalibu. Herufi zimedidimia kwenye karatasi kama nyayo kwenye tope lililokauka.

Ulipitisha kidole. Kila siku baada ya kufua, ulikaa mlangoni na kipande chako ukipitisha kidole, mdomo unatembea bila sauti. Mwezi wa tano, nimekuja likizo tena, ukasoma tangazo la kifo kwenye kalibu ya gazeti la zamani, ukaanza kulia. Nikadhani unamfahamu marehemu. Kumbe unalia kwa sababu umesoma. Na mwanao Kidoti alipozaliwa, na lile doa dogo jeusi kidevuni, si wewe uliyesema Mungu amemwekea nukta ya i ili usisahau masomo yako? Jina likamganda hapohapo.

Sasa nije kwenye kazi yangu. Nilikuandikia kwa majivuno miaka mitatu kuhusu kalibu yangu mpya, lakini sikuwahi kukueleza vizuri. Ya zamani ilikaukia juu ya herufi, chini ya chuma cha moto, saa mbili nzima. Herufi zinapata joto, zinalegea, zinachakaa. Na kalibu yenyewe ukiimiminia risasi mara nne inaungua. Mimi nikasema, kwa nini tusiibandue ikiwa mbichi, tukaikaushe peke yake tanurini kati ya nyavu mbili za waya? Wakanicheka. Ikibanduliwa mbichi inajikunja, inasinyaa, herufi zinapinda. Nikaanza kuhangaika na uji. Wanga kidogo, chaki zaidi, gundi kiasi. Miaka mitatu nakoroga. Wenzangu wakaniita Bwana Uji, wakawa wananiuliza kila asubuhi kama leo nimetia sukari. Nikajibu leo ni wa chumvi, leteni vikombe.

Mkubwa wetu, yule tunayemwita Miwani kwa sababu ana mbili na zote huzitafuta zikiwa kichwani kwake, ndiye peke yake aliyenitia moyo. Naye alikuwa na sababu. Mwenye kiwanda alishasema chumba cha risasi kinachelewesha kazi, afadhali kifungwe na mabamba yakatengenezwe kwingine. Tulikuwa watu kumi na mmoja mle ndani. Miwani akaenda akamwambia mwenye kiwanda kwamba tuna kalibu inayokauka kwa dakika arobaini na kutoa mabamba ishirini, na kwamba kwa fremu moja tu ya herufi tunaweza kugonga kalibu nane asubuhi moja, tukapata mabamba manane ya aina moja, mashine ikachapa nane kwa mpigo. Mwenye kiwanda akasema atakuja Alhamisi kuona kwa macho yake. Kazi ya majaribio ilikuwa ndogo: vikaratasi vya maelezo, vile vinavyokunjwa na kutiwa kwenye maboksi.

Kalibu ya kwanza hadi ya sita zilitoka safi, Dada, mpaka Miwani akavua miwani moja akavaa nyingine ili aamini. Ya saba nilipoitoa tanurini nikaona lengelenge. Dogo, kama punje ya mtama. Shashi mbili hazikushikana vizuri, mvuke ukanaswa katikati, ukainuka. Kwa kuwa muda ulikuwa umebana, nikaimiminia hivyohivyo. Sasa mahali palipoinuka kwenye kalibu hudidimia kwenye bamba. Herufi mbili zikatoka fupi kuliko nyingine. Herufi ya namna hiyo ikichapwa haisomeki, inaacha doa la kijivu tu.

Dawa yake inajulikana. Unazing'oa kwa patasi, unachomeka herufi mbili mpya, unazilehemu kwa nyuma. Dakika ishirini haziishi. Lakini bamba lililolehemiwa lina kovu mgongoni, na mwenye kiwanda ni mtu wa kugeuza vitu. Angeuliza hili kovu la nini, na mimi ningejibu nini? Kwamba kalibu ya ajabu inatoa malengelenge? Basi nikazing'oa tu. Nikapalainisha pale, pasiachwe doa. Ukilitazama bamba unaona pengo dogo, la herufi mbili nyembamba. Nikajiambia, pengo tu hilo, nani amekufa kwa pengo?

Nimeliandika neno hilo jinsi nilivyolisema. Sitalifuta.

Utaniuliza kama nilisoma zilikuwa herufi gani. Niliziona, ndiyo. Lakini sisi wa chumba cha risasi hatusomi maneno. Tunatazama herufi moja moja, zimegeuka, zimesimama kwa kichwa, tunatafuta iliyopasuka na iliyoziba. Mtu anaweza kumimina kitabu kizima asijue kinasema nini. Tulikuwa tunajisifia jambo hilo, ati ndiyo alama ya fundi.

Kuna mama mmoja anayesoma kazi zote kabla hazijaingia mashineni, tunamwita Mama Nukta. Hapitwi na kitu. Akasoma karatasi ya bamba la kwanza, neno kwa neno, akaweka sahihi yake. Kwa desturi ya kazi yetu mabamba yatokayo fremu moja ni mapacha. Ukisoma moja umesoma yote. Hata hivyo, Mungu ampe heri, aliniuliza. Aliinua macho akaniuliza kama hayo mengine ni yaleyale. Nikamjibu ni yaleyale, mama.

Mwenye kiwanda akaja, akageuza mabamba, akanishika mkono. Chumba hakikufungwa. Watu kumi na mmoja walirudi nyumbani siku ile wakiwa na kazi, na mimi nikapewa cheti, kimetundikwa ukutani juu ya meza yangu. Nilikuandikia habari hiyo, nawe ukanijibu kwa mkono wako mwenyewe, mistari minne iliyopanda mlima kama sisimizi, ukasema unajivunia. Barua hiyo ninayo. Ndiyo ya mwisho uliyoiandika wewe.

Miezi minne baadaye Kidoti akapata kikohozi.

Sitaki kukurudisha huko, lakini lazima nipite. Shemeji alikuwa kazini mbali. Mtoto alikohoa siku tatu, ukaenda duka la dawa, ukanunua chupa, ukarudi. Ukafungua boksi, ukatoa kikaratasi, ukakaa mlangoni na kidole chako. Hukumwuliza mtu kwa sababu ulikuwa unajua kusoma. Ukasoma vijiko viwili, mara tatu kwa siku. Ukasoma kwamba mtoto wa chini ya miaka sita apewe. Ukampa kama ulivyosoma. Kidoti akalala mchana, akalala jioni, asubuhi hakuamka.

Chupa na karatasi yake mlikimbia navyo hospitali, havikurudi. Msibani ukawa unasema neno lilelile kwa kila anayeingia: karatasi ilisema apewe. Shemeji, kwa uchungu, akatoka akaenda dukani akarudi na boksi jingine la dawa ileile. Akalifungua mbele ya watu wote sebuleni, akasoma kwa sauti: mtoto wa chini ya miaka sita asipewe dawa hii. Mama mkwe wako akasema hayo ndiyo matunda ya kusomea takataka za kiwandani, kwamba elimu ya ukubwani ni nguo ya kuazima. Wewe ulinyoosha mkono. Uliichukua ile karatasi mkononi mwa Shemeji, ukapitisha kidole. Nilikuwa nimekaa karibu na mlango, nikakiona kidole chako kinapita, kinarudi, kinapita tena, kinasimama katikati ya neno. Ukasema kwa sauti ndogo kwamba basi wewe hujui kusoma. Ukaikunja karatasi vizuri ukamrudishia.

Watu wakageuka kunitazama mimi, mwalimu wako. Na mimi nilikuwa natazama chini ya ile karatasi, kwenye pembe, palipochapwa alama ndogo ya kiwanda chetu.

Dada, ulisoma sawasawa.

Narudia, kama ni Shemeji anayesoma na arudie. Ulisoma sawasawa. Karatasi yako ilisema apewe. Aliyoileta Shemeji ilitoka kwenye bamba jingine, ilisema asipewe, nayo pia ilisomwa sawasawa. Zile herufi mbili nilizozing'oa kwa patasi zilikuwa s na i. Mimi ndiye niliyezitoa. Hukukosea hata herufi moja.

Pale msibani nilikumbuka mkono wangu na patasi, neno lenyewe sikulijua bado. Ningeweza kusema palepale kwamba ngojeni, kuna jambo. Nikanyamaza. Niliondoka siku ya tatu nikidai naitwa kazini, na kweli nilikwenda moja kwa moja stoo, nikatoa furushi la kalibu za kazi ile. Nane, zimefungwa kwa kamba, namba nyuma kwa mwandiko wangu. Nikaipeleka ya saba dirishani. Nikafanya kama wewe, nikapitisha kidole. A. Kisha uvimbe. Kisha pewe. Hiyo ndiyo mara yangu ya kwanza kusoma kazi niliyoimimina mwenyewe.

Vilichapwa vikaratasi elfu nane. Elfu moja ni vya bamba la saba. Nilimwendea Miwani nikamweleza yote, akavua miwani zote mbili. Akasema dawa ile imeshauzwa, imeshanyweka, hakuna wa kumfuata wala wa kumrudisha, na kwamba nikisema, chumba kitafungwa na Mama Nukta ndiye atakayefukuzwa kwanza kwa kuwa sahihi ni yake. Kesho yake akaagiza mabamba yale manane yayeyushwe. Aliniagiza mimi. Niliyatia sufuriani moja moja, la saba nikalitia mwisho. Yaliyeyuka kama mengine. Risasi ile imeshakuwa kalenda, imeshakuwa vitabu vya shule, sijui imeshakuwa nini. Kwenye nyumba ngapi nyingine kuna mama anayeambiwa hajui kusoma, sijui. Najaribu kutohesabu.

Bado nakoroga uji, Dada. Sijui kazi nyingine. Kalibu yangu sasa wanaitumia hata mafundi wa viwanda vingine. Wanakuja watu na madaftari kuniuliza kiasi cha chaki. Nawaambia. Nawaambia pia kwamba wasome kila bamba, wananiona mzee mwenye wasiwasi.

Usinitafutie sababu, nakujua ulivyo, utaanza kusema alikuwa anaogopea kazi za wenzake. Kidogo, ndiyo. Zaidi niliogopa uso wako. Nilijiambia ukweli hautamfufua Kidoti, na hilo ni kweli, haukumfufua. Lakini nilikuacha uubebe mzigo wangu mwaka mzima na nusu, nikawa nakuletea sabuni na vitenge. Ulipoacha kusoma nikapata nafuu, Dada, nafuu! Nikasema sasa hatauliza tena. Mtu gani huyo?

Nilikuja mwezi uliopita. Hujui hilo. Nilitaka nikwambie kwa mdomo. Nilifika hadi kona ya fundi viatu, nikakuona uani unaanika mashuka, tumbo limetangulia, umeshika mgongo kwa mkono mmoja. Kitoto cha jirani kilikuwa kinacheza karibu na beseni lako. Kilipokusogelea ulirudi nyuma. Ulirudi nyuma hatua mbili, ukamwita mama yake aje amchukue. Nikageuka, nikapanda gari lililofuata. Kwa hiyo barua hii ni ya mwoga, lakini ndiyo niliyoiweza.

Sasa kile kipande cha karatasi ngumu. Nimekikata kutoka kwenye kalibu ya saba. Miwani anadhani niliichoma pamoja na zile nyingine. Kishike, weka kidole mwanzo wa mstari wa pili. Utaikuta a, halafu kidole kitapanda kilima kidogo, halafu kitashuka kwenye pewe. Kwenye karatasi yako kilima hicho kilikuwa pengo. Mwonyeshe Shemeji. Mwonyeshe na mama mkwe wako, mshikishe mkono wake. Mkitaka kunishtaki, ndio ushahidi, sina mwingine, nami sitakana. Mkitaka nisikanyage tena hapo, sitakanyaga. Msamaha siombi. Maji yaliyomwagika ni ya mtoto wako, nami sina uso wa kukuomba uyazoe.

Sina matumaini makubwa, nikuambie kweli. Posta ni wiki mbili, wakati mwingine tatu, na hesabu zako za tumbo naziona zimekaribia. Huenda barua hii ikakukuta umeshajifungua, mtoto ameshapelekwa. Huenda isikufikie mkononi. Ndiyo maana nasema na wewe sasa, Shemeji. Najua ni wewe. Najua mkeo hakukubali kuishika, umeifungua wewe kama siku zote, na ulipofika pale msibani uliinua macho ukamtazama. Pengine umeshanyamaza zamani, unaisoma kwa macho, naye ameketi pale na nguo zake anangoja. Pengine unawaza utamwambia tu kwamba mdogo wake anamsalimu, hajambo, ana kazi nyingi. Ulisimama mbele ya watu ukamsomea mkeo karatasi ile, na ulisoma vizuri, hukuwa na kosa. Kosa lako litaanzia hapa, ukiruka. Nimekaa nikitafuta namna ya kukufunga usiruke, sikuipata. Mimi niliruka herufi mbili tu.

Wasalimie wote wanaoniulizia, kama bado wapo. Msalimie fundi viatu, aliniona siku ile na hakusema. Mwambie mama mkwe wako namwombea kifua kipone, nasema kwa moyo safi. Wewe pumzika, inua miguu, usibebe ndoo.

Na jambo lililonifanya niandike ni hili moja, nimeliweka mwisho ili libaki sikioni. Mama mkwe wako asipewe mtoto. Shemeji, lisome lilivyo, lina si katikati. Asipewe.

Ni mimi mdogo wako,
wa chumba cha risasi.